Tulichochwa Kuhusu Kichocheo

Mwamshe mtu yeyote aliyepitia kemia ya sekondari Kenya saa nane usiku, umuulize katalisti ni nini. Atakujibu macho bado yamefungwa: ni kitu kinachobadilisha kasi ya mmenyuko bila chenyewe kubadilika. Alama moja. Tiki nyekundu. Anarudi kulala.

Wasee, tulichochwa.

Si kwamba mwalimu alidanganya. Alitupa mwanzo na mwisho wa stori, akaruka katikati yote. Na kazi ya katalisti, au kichocheo kwa Kiswahili sanifu, hufanyika huko katikati. Leo nabonga kuhusu hiyo katikati, kuhusu mashine zinazoweza kuiona, na kuhusu hili bara letu linalochimba platinamu nyingi kuliko bara lingine lolote lakini halina hata mashine moja kubwa ya aina hiyo. Ukifika mwisho na bado huna hasira, anza tena.

Tuanze na kitu sote tulifanya. Unakumbuka siku mlitengeneza oksijeni maabarani? Haidrojeni peroksaidi kwenye chupa, kijiko cha ule unga mweusi wa manganizi, povu likapanda, kila mtu akapiga kelele. Mwalimu akasema: mkichuja huo unga na kuukausha, mtaupata na uzito ule ule. Ni kweli. Unaanza na gramu moja, unamaliza na gramu moja.

Sasa niambie. Saa kumi na mbili asubuhi unampata mama mboga amekaa kwenye kiti chake. Saa mbili usiku unapita tena, amekaa kwenye kiti kile kile. Utasema siku nzima hakusimama? Hakwenda kuteka maji, hakukata sukuma, hakukimbizana na kanjo? Hiyo ndiyo akili ya kusema "haibadiliki" kwa sababu tu uzito wa asubuhi na wa jioni ni sawa.

Mkemia wa Uswidi, Berzelius, alipoipa hii tabia jina mwaka 1835, hakuwa na njia ya kuchungulia ndani. Aliona kilichoingia na kilichotoka, basi. Huyo namsamehe. Sisi tuko karne ya 21, na bado tunakaririshwa kana kwamba tuko darasani naye.

Na hata wanasayansi wenyewe walihangaika muda mrefu. Vifaa vingi vya kuangalia uso wa kichocheo, atomi kwa atomi, vilitaka uweke kipande safi kwenye chumba kilichonyonywa hewa karibu yote. Gerhard Ertl wa Ujerumani alifanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa hadi akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2007. Mojawapo ya mambo aliyofafanua ni jinsi nitrojeni inavyovunjika juu ya chuma kutengeneza amonia. Heshima yake iko palepale. Lakini kiwanda cha amonia hakifanyi kazi kwenye chumba kisicho na hewa. Kinafanya kazi kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 hivi, na gesi zikiwa zimeshindiliwa zaidi ya mara 100 ya shinikizo la hewa tunayopumua. Ni kama kumchunguza dereva wa mat akiwa gereji, injini imezimwa, halafu useme unajua venye anaendesha Jogoo Road saa moja asubuhi.

Hapo ndipo ilipozaliwa fikra ya kukiangalia kichocheo kikiwa kazini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Miguel Bañares wa Uhispania na wenzake waliipa jina la Kilatini, operando, yaani "kikifanya kazi". Sharti lake ni gumu lakini linaeleweka: lazima ufanye mambo mawili kwa wakati mmoja. Unaangalia atomi ndani ya kichocheo, na sekunde hiyo hiyo unapima gesi inayotoka upande wa pili kuthibitisha kwamba kweli kinazalisha. Ukifanya moja bila nyingine, unapiga story tu.

Na chombo kizuri sana cha kufanyia hivyo ni eksirei.

Usiwaze ile ya hospitali ya kuangalia mfupa. Fikiria kila elementi ina nauli yake. Ukitaka kung'oa elektroni ya ndani kabisa ya atomi ya chuma, eksirei yako lazima ibebe takriban elektronivolti 7,112. Shaba inataka 8,979. Ukiwa na pungufu, hupandi. Kwa hivyo mtafiti anaweka eksirei yake kwenye nauli ya shaba na kuongea na shaba peke yake, hata kama imezungukwa na elementi zingine kumi.

Sasa utamu uko hapa. Atomi ikinyang'anywa elektroni, labda na oksijeni, zile zilizobaki inazishika kwa nguvu zaidi, na nauli inapanda kidogo. Kama mat mvua ikianza kunyesha. Ukiona nauli ya shaba imesogea, unajua hali yake imebadilika, na unajua ikiwa bado kazini. Isitoshe, elektroni ikishang'olewa inatoka kama wimbi, inagonga atomi jirani na kurudi, na huo mwangwi unaacha mawimbi madogo kwenye mchoro. Mwaka 1971 Sayers, Stern na Lytle walionyesha jinsi ya kuyasoma hayo mawimbi ili ujue majirani wako umbali gani. Yaani unapata hali ya atomi na ramani ya majirani zake, kupitia bomba jembamba la kioo lenye gesi na moto ndani. Huhitaji kunyonya hewa. Huhitaji kuzima chochote.

Shida ni kwamba unahitaji eksirei kali sana, na uweze kubadilisha nauli upendavyo, haraka. Mashine ndogo za mezani zipo, lakini kwa kazi ya kufuatilia mabadiliko ya haraka ziko polepole. Kifaa chenyewe ni sinkrotroni: elektroni zinazungushwa kwenye duara karibu na kasi ya mwanga, sumaku zinazikunja, na kila zikikunjwa zinatoa mwanga mkali ajabu. Ile ya Grenoble, Ufaransa, ina mzunguko wa mita 844. Hiyo ni zaidi ya raundi mbili za uwanja wa Nyayo.

Na wameona nini huko ndani? Nitawapa mifano miwili tu.

Wa kwanza ni moshi wa dizeli. Magari mengi mapya ya dizeli husafisha moshi kwa amonia inayotokana na urea, juu ya kichocheo chenye shaba iliyofungiwa ndani ya madini yenye vitundu, zeolaiti. Ni rahisi kudhani kila atomi ya shaba imekaa kwenye kona yake kama askari wa lindo. Mwaka 2017 kundi la watafiti Marekani likachapisha kwenye jarida la Science kitu kingine kabisa. Katika joto la chini, shaba inazungukwa na amonia, inaacha kiti chake, inapita kwenye vitundu, inakutana na shaba nyingine, na hao wawili kwa pamoja wanaishika oksijeni. Wanatembea, manze! Ile kazi ya kusafisha hewa unayopumua inategemea atomi kuondoka mahali pake, na sisi bado tunaandika kwenye karatasi "haibadiliki".

Wa pili ni amonia yenyewe. Fritz Haber aliionyesha njia mwaka 1909, kiwanda kikaanza Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Lakini ilibidi tungoje hadi Januari 2024 ndipo kundi la Anders Nilsson wa Chuo Kikuu cha Stockholm, likitumia eksirei za sinkrotroni ya Hamburg, lichapishe kwenye Nature picha ya uso wa chuma ukiwa unatengeneza amonia kwa shinikizo la hadi kiwango cha hewa ya kawaida. Bado si shinikizo la kiwanda, lakini ni mbali sana na chumba kisicho na hewa. Waliona chuma kimebaki chuma halisi, hakijageuka kutu wala kitu kingine. Zaidi ya miaka 100 dunia inakula chakula kilichokuzwa na huu mmenyuko, na uso wake tumeanza kuuona ukiwa kazini juzi tu. Kwa hivyo mtu asiniambie kemia imeisha na kilichobaki ni kukariri.

Sasa turudi nyumbani.

Chini ya gari la petroli kuna kopo la chuma lenye sega ndani, na kwenye hilo sega kumepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Linageuza kaboni monoksaidi na gesi zingine chafu ziwe kitu nafuu kabla hazijafika puani mwako. Unajua kinachotokea Nairobi. Gari linatoka Japani na kopo lake, linaingia gereji fulani, linatoka likinguruma kama simba, na kopo halipo. Mwenye gari anaambiwa "sasa limepata nguvu". Kopo limeenda kwa skrapu. Na wanunuzi wakubwa wa skrapu duniani wana kifaa kama bunduki, cha eksirei, kinachowaambia kuna platinamu kiasi gani kwenye sega. Yaani eksirei inayoijali zaidi katalisti yako ni ile inayopanga bei ya maiti yake.

Na hiyo platinamu ilitoka wapi mwanzo? Afrika Kusini peke yake inachimba takriban asilimia 70 ya platinamu yote inayochimbwa duniani. Zimbabwe nayo iko kwenye orodha ya wakubwa. Jiwe linatoka kwenye udongo wetu, linasafiri, linageuzwa kichocheo, kichocheo kinachunguzwa kikiwa kazini huko Grenoble, Hamburg, Chicago, kinaboreshwa, kinauzwa, kinatumika Japani miaka kadhaa, halafu kinarudi Mombasa kama mtumba. Tunakutana na atomi yetu mwanzo wa safari na mwisho wa safari. Katikati hatupo. Unaona inafanana na nini? Ni lile jibu la mtihani. Mwanzo na mwisho, katikati hakuna.

Afrika ndiyo bara pekee lenye wakaaji wa kudumu ambalo halina sinkrotroni. Ulaya zipo, Asia zipo, Amerika zote mbili zipo, hata Australia ipo. Mkutano wa kwanza wa kimataifa wa kupanga sinkrotroni ya Afrika ulifanyika mwaka 2015. Ulifanyika wapi? Grenoble, Ufaransa. Sitaongeza neno.

Najua mtakachosema. Nimeshayasikia yote, twende moja moja.

"Si watume sampuli huko Ulaya zipimwe?" Hii ndiyo hoja inayosikika ya akili, na ndiyo inayonikasirisha zaidi, juu inaonyesha hatujaelewa kitu. Unga mkavu unaweza kuutuma kwa ndege. Kichocheo kinachofanya kazi huwezi kukituma. Operando maana yake uwe pale, na bomba lako, gesi zako, joto lako, swali lako, na uwe macho saa tisa usiku mchoro ukisogea ili uamue sekunde hiyo kupunguza oksijeni au kuongeza. Na ni kweli, mashine nyingi za huko hazitozi watafiti wa vyuo ambao ombi lao limekubaliwa na wako tayari kuchapisha matokeo. Lakini ombi linashindana na maombi ya dunia nzima, unapewa siku chache tu, halafu viza. Viza, jamani. Mtu wetu anaweza kushinda ushindani wa sayansi na kushindwa kwenye dirisha la ubalozi. Mwanga haungoji miadi yako ya pili.

"Tushibe unga kwanza." Sawa, tuongee unga. Unga ni mahindi. Mahindi yanataka mbolea. Mbolea ya nitrojeni inatokana na amonia. Amonia inatokana na kichocheo. Wewe unayepanga foleni ya mbolea ya ruzuku, unapanga foleni ya kichocheo cha mtu mwingine. Utengenezaji wa amonia unakula karibu asilimia 1 hadi 2 ya nishati yote ya dunia, na joto na shinikizo vikiwa juu hivyo, viwanda lazima viwe vikubwa na viwe mbali nasi. Karibu na Naivasha tayari kuna mtambo mdogo wa amonia unaotumia umeme wa jua. Mitambo midogo kama huo ingekuwa rahisi zaidi kama kungekuwa na kichocheo kinachofanya kazi bila kushindiliwa sana. Nani atakitafuta? Mwenye kiwanda kikubwa tayari hana haraka. Mwenye njaa ndiye mwenye haraka, na mwenye njaa hana mwanga. Kwa hivyo usiniambie unga kwanza. Hii NDIYO stori ya unga.

"Hatuna pesa." Brazili ilifungulia watafiti sinkrotroni yake ya kwanza mwaka 1997 huko Campinas, sehemu kubwa ikiwa imejengwa na Wabrazili wenyewe, na sasa wana mpya, Sirius. Yordani, nchi ambayo hata maji inayahesabu, ndiyo mwenyeji wa SESAME, iliyozinduliwa mwaka 2017. Wanachama wake ni pamoja na Israeli, Palestina, Irani, Uturuki, Pakistani, Saiprasi na Misri. Watu ambao kwingine hawapeani hata mkono wanagawana mwanga mmoja! Iligharimu karibu dola milioni 100, ikisaidiwa na vifaa vya zamani kutoka Berlin. Kwa shilingi zetu hizo ni kama bilioni 13. Reli ya Mombasa hadi Nairobi iligharimu bilioni 327. Na hakuna anayesema Kenya ilipe peke yake, ni mchango wa bara zima. Tunajua kuchanga. Sisi ndio mabingwa wa harambee.

Tena sheria yetu wenyewe ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwa utafiti. Hatujafika hapo. Sheria ipo, imekaa kwenye kiti chake, uzito ule ule.

"Wewe uliacha chuo, utatuambia nini?" Niliacha, ndiyo. Niliacha chuo chenye mashine ya spektroskopia iliyofunikwa kitambaa kwenye kona ya maabara, na katika muda wote niliokaa pale sikuwahi kuiona ikiwashwa. Tulichora mashine hiyo kwenye mtihani, tukaweka majina ya sehemu zake, tukapata alama, nayo iko hapo nyuma yetu imefunikwa kama maiti. Kuacha chuo hakukunifunga macho. Haya yote nimeyasema yanasomeka, na wewe mwenye digrii ungeyasema kabla yangu ungekuwa umenipunguzia kazi.

Kwa hivyo nataka nini? Vitu vitatu, na hakuna kinachotaka muujiza.

Mwalimu wa kemia, ongeza sentensi moja. Baada ya "bila chenyewe kutumika", sema: "lakini kikiwa kazini hubadilika, na leo tunaweza kukiona kikibadilika." Sekunde kumi tu. Kuna mtoto kwenye dawati la nyuma ambaye hiyo sentensi itamnyima usingizi, na huyo ndiye tunamtafuta.

Mheshimiwa, kabla hujaniletea tena hotuba ya vijana na teknolojia, nionyeshe ile asilimia 2. Na umuulize waziri wako Kenya imesimama wapi kwenye mpango wa sinkrotroni ya Afrika: tunachangia, tunatazama, au hatujui hata kama upo?

Na wewe msee wangu unayesoma hii ukiwa kwenye mat, nyuma ya gari ambalo kopo lake lilishauzwa, ukimeza moshi: usikubali tena jibu la mwanzo na mwisho. Ukiambiwa kitu hakibadiliki, uliza nani alikiangalia, na kama kilikuwa kazini alipokiangalia. Uliza kuhusu katalisti, uliza kuhusu mbolea, uliza kuhusu lile jiwe linalotoka Afrika likiwa halina bei na kurudi likiwa na bei ambayo huwezi.

Bei inaongezeka katikati. Wanaokaa huko katikati ni wale wenye mwanga.